Binti haonekani kwenye filamu yangu: nirudie kupiga picha, au niipeleke Sundance hivyohivyo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 27, naishi Tanga, kazi yangu ni kupiga video za harusi. Mwaka jana nilitengeneza filamu yangu ya kwanza ndefu, dakika 71, kwa simu moja, kwa siku 19. Inahusu mama mpika vitumbua ambaye binti yake yuko Muscat kwa kazi za ndani. Dada aliyekuwa acheze binti alipata safari siku tatu kabla hatujaanza, kwa hiyo binti haonekani hata mara moja. Tunamsikia tu kwenye jumbe za sauti za WhatsApp ambazo mama anazisikiliza akipika. Mama yangu mzazi ndiye anayecheza, na jiko ni la kwetu. Rafiki yangu ananiambia tamasha la filamu la Sundance, kule Marekani, wana sehemu inaitwa NEXT ya waongozaji wapya wenye ujasiri. Mjomba anasema nikope, nikodi kamera ya maana, nirudie ili binti aonekane, na ikishindikana niiweke YouTube. Je, sehemu hiyo ni ya watu kama sisi? Wakisema ujasiri wanapima nini? Halafu mama anaona aibu jiko lake kutazamwa na watu wa mbali. Nimwambie nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vipande viwili vya filamu ulivyonitumia nimeviangalia mara tatu, mara ya mwisho usiku, taa nimezima na hedifoni masikioni. Nianze na lile linalokunyima usingizi: usikope, usirudie, na binti asionekane. Sababu zangu ni ndefu kidogo, na nyingi zinapitia hukohuko Marekani alikokutajia rafiki yako, kwa hiyo nivumilie.

Sehemu ya NEXT ilianza kwenye tamasha la Januari 2010. Sundance lenyewe ni la zamani zaidi. Lilianza mwaka 1978 huko Salt Lake City, jimbo la Utah, kwa jina jingine, likahamia mji mdogo wa milimani wa Park City mwaka 1981, na katikati ya miaka ya 1980 likachukuliwa na taasisi iliyoanzishwa na mwigizaji Robert Redford. Kufikia 2010 watu wengi walikuwa wanalilalamikia kwamba limekuwa soko la watu maarufu. Wakati huohuo uchumi wa dunia ulikuwa umetikisika mwaka 2008, na studio kubwa zilikuwa zimefunga baadhi ya matawi yao yaliyokuwa yakinunua filamu ndogo. Kwa upande wa pili, kamera za dijitali za bei nafuu zilikuwa zimeanza kutoa picha inayotosha kutandazwa kwenye ukumbi. John Cooper, aliyekuwa ndiyo kwanza ameshika uongozi wa tamasha, pamoja na wateuzi wenzake wakatenga nafasi ya filamu zilizotengenezwa kwa bajeti ndogo au bila bajeti kabisa. Mwaka wa kwanza walichagua filamu 8. Jina la sehemu hiyo waliliandika na alama za hesabu pembeni: <=>. Kidogo ni sawa na kikubwa.

Tangu hapo mambo yamepanuka. Filamu zinazoingia huwa kumi hivi kwa mwaka, nyingine zina waigizaji wenye majina na fedha ambazo mimi na wewe hatujawahi kuzishika. Zinatoka pia nje ya Marekani. Mwaka 2023 iliingia Bravo, Burkina! ya Walé Oyéjidé, hadithi ya kijana wa Burkina Faso anayekwenda Italia, filamu yenye urefu wa saa moja na dakika chache tu. Kwa hiyo usidhani ni chumba cha maskini peke yao. Hata hivyo, alama ile ya hesabu naiona bado ndiyo maelezo mazuri kuliko yote ya kinachotafutwa mle.

Neno ujasiri linawapoteza vijana wengi. Nimekaa kwenye majopo ya kuchagua filamu hapa kwetu, na kila mara naletewa kazi ambazo mwongozaji ameambiwa awe jasiri naye akaelewa: weka damu, weka matusi, fichua siri za chumbani. Mada inaweza kuwa nzito kabisa na filamu ikawa ya woga, kwa sababu kila kinachotendeka ndani yake tulishakiona kwenye tamthilia ya televisheni juzi. Mtu anagombezwa, kinanda cha huzuni kinaingia, kamera inamsogelea usoni, chozi linadondoka, tunahama. Mwongozaji ameogopa kumwacha mtazamaji peke yake hata kwa sekunde tano.

Mwaka 2017 David Lowery alipeleka NEXT filamu inayoitwa A Ghost Story. Alikuwa ametoka kuongoza filamu kubwa ya Disney, lakini hii aliitengeneza kwa takriban dola 100,000, ambazo kwa Marekani ni fedha ndogo mno. Inahusu mume aliyefariki ambaye roho yake inabaki nyumbani. Unajua alivyoionyesha roho hiyo? Mtu amefunikwa shuka jeupe lililotobolewa matundu mawili ya macho. Shuka, kama mtoto anayetisha wenzake. Dakika za mwanzo unashangaa, baadaye shuka lile linakuumiza moyo kuliko uso wowote, kwa sababu halina uso, na huzuni yote unaitia wewe mwenyewe. Ndani yake kuna mjane ambaye ameachiwa chakula mezani. Anakaa chini, sakafuni jikoni, anakula. Kamera haisogei. Anakula kwa dakika kadhaa, haraka zaidi na zaidi, mpaka anainuka mbio kwenda kutapika. Hakuna anayetuambia kwamba ana majonzi.

Miaka minne kabla yake, Andrew Bujalski alikwenda NEXT na Computer Chess, hadithi ya wataalamu wa kompyuta wanaoshindanisha programu zao za chesi hotelini, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aliipiga kwa kamera za video za Sony za zamani, nyeusi na nyeupe, za aina ambayo taa ikipita mbele yake inaacha mkia wa mwanga kwenye picha. Wewe ukimpelekea bwana harusi picha ya namna hiyo atakudai fedha zake. Kwenye filamu ile mikia ya mwanga ndiyo enzi yenyewe, na baada ya nusu saa unaamini umeokota kanda iliyosahaulika kabatini.

Halafu kuna Tangerine, ambayo nina hakika rafiki yako ndiyo aliyoifikiria aliposikia umepiga kwa simu. Sean Baker aliipeleka NEXT mwaka 2015. Ilipigwa kwa simu za iPhone 5S, zikiwa na lenzi ndogo za kubandika za kupanua picha na programu ya kurekodia iliyouzwa dola 8. Ni mkesha wa Krismasi, Los Angeles. Marafiki wawili, wanawake waliobadili jinsia wanaotafuta riziki mtaani, wamekaa kwenye meza ya mgahawa wa donati. Mmoja ametoka jela asubuhi hiyo. Fedha waliyo nayo inatosha donati moja, wanagawana. Kutoka hapo filamu inakimbia, kwa miguu, barabarani, chini ya jua ambalo Baker amelikoleza mpaka kila kitu kina rangi ya chungwa.

Watu wengi waliposikia habari hiyo walidhani siri ni simu, wakanunua simu. Ila Baker alikuwa tayari ameongoza filamu ndefu nne kabla ya hiyo. Simu alikimbilia kwa kukosa fedha, kisha akajiuliza inaweza kufanya nini ambacho kamera kubwa haiwezi. Ilimwezesha kukimbia na waigizaji wake, na wasio na uzoefu wa kuigiza hawakutishika mbele yake, maana ni kitu kilekile walicho nacho mfukoni. Jambo moja zaidi, ambalo wanaoisimulia hadithi hii hulisahau: sauti haikurekodiwa kwa simu. Ilirekodiwa na fundi wa sauti, kwa vifaa vya kazi. Nitalirudia hili. Mwaka 2024 Baker alichukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, Ufaransa, kwa filamu yake nyingine, Anora, na Machi 2025 akaondoka na Oscar nne usiku mmoja kwa hiyohiyo Anora. Wakati anaingia NEXT alikuwa mtu aliyeshindwa kukodi kamera.

Sasa twende jikoni kwenu.

Kipande cha kwanza ni alfajiri. Mama amekaa kwenye kigoda, chuma cha vitumbua kiko juu ya jiko la mkaa, simu ameiegemeza kwenye mkebe wa hamira. Anabonyeza kioo kwa kifundo cha kidole kwa sababu vidole vina unga. Sauti ya binti: "Shikamoo mama. Leo wamenipa simu dakika kumi." Mama anaitikia, "Marahaba," anaiitikia simu isiyoweza kumsikia, na anageuza kitumbua kwa kijiti. Ujumbe unakwisha. Anaurudisha mwanzo. Safari hii kijiti kimesimama mkononi. Tunaona kitumbua kimoja, kile cha pembeni kushoto, kinaanza kubadilika rangi, moshi unapanda, naye hafanyi kitu mpaka sauti ya mwanawe imalizike tena. Kisha anakibandua kile kilichoungua na kukiweka kwenye sahani peke yake, mbali na vya kuuza.

Mwanangu, unajua ulichokifanya? Hali ya yule binti umetuonyesha kwa kitumbua. Dada yule angekuwepo, ungekata ukaenda naye Muscat, maana yake chumba cha kukodi hapo Tanga chenye pazia la kung'aa, tungemwona anafuta machozi, na kitumbua kingebaki chakula tu. Mjomba anaona pengo kwa sababu anajua jinsi mpango ulivyokuwa. Mtazamaji hajui mpango. Yeye anachokiona ni mama ambaye dunia yote ya mwanawe imebaki sauti, na yeye mwenyewe mtazamaji yuko katika hali hiyohiyo, anatega sikio, hana uso wa kushika. Hilo ndilo linaloitwa ujasiri kwenye sehemu kama NEXT. Ulilipata kwa ajali, sawa. Kilicho chako ni uamuzi wa kuendelea bila mbadala, badala ya kumtafuta msichana mwingine wa haraka, na uamuzi huo ukishaukopea fedha kuufuta hautarudi.

Kipande cha pili ndicho kimeniudhi, na nakuambia kwa mapenzi. Mama anatoka kwenda kuuza, na ghafla tuko angani. Droni inapita juu ya bahari ya Raskazone, jua linachomoza, kinanda cha kupakua mtandaoni kinaanza. Ile ni picha ya harusi, na ni nzuri, mteja angeifurahia. Ndani ya filamu hii inaonyesha mahali ulipoogopa. Ulihisi kwamba jiko dogo halitoshi, ukataka kututhibitishia kwamba unajua kupiga picha za gharama. Itoe. Toa na kinanda chote, kila kilipo, hata pale kwenye mvua unaposema unapapenda. Una muziki tayari: mafuta yanavyochemka, adhana ya mbali, mkwaruzo wa jumbe za sauti. Nisikilize hasa kuhusu mkwaruzo huo. Usije ukamwambia fundi ausafishe, maana huo ndio umbali wa Muscat.

Ila sauti ya jikoni ni mbovu, na ubovu huo si wa aina nzuri. Kuna mvumo wa chini unaopita kwenye filamu nzima, nadhani ni friji, na mama akigeuka maneno yanapotea. Mtazamaji atasamehe picha yenye chembechembe kwa saa nzima, lakini sauti ya kuchosha atavumilia dakika tano, kisha atakata tamaa bila hata kujua kilichomkatisha. Zile fedha ulizotaka kukopa kwa kamera, hata robo yake ukiipata bila kukopa, iende kwa fundi wa sauti mzuri wa Dar es Salaam akufanyie usafi na uchanganyaji. Na urudi jikoni siku moja, friji ikiwa imezimwa, urekodi dakika kumi za ukimya wa chumba, sauti ya chuma, ya mkaa, ya kipepeo kikipuliza moto. Huko ndiko kurudia ninakokuruhusu.

Kuhusu lugha, naona kwenye barua yako unauliza kwa kujificha kama Kiswahili cha Tanga kitaeleweka. Mwaka uleule wa 2017 kulikuwa na Menashe kwenye NEXT, ambayo imechezwa kwa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa jamii fulani ya Brooklyn. Mwaka 2024 tuzo ya watazamaji ya NEXT ilikwenda kwa Kneecap, hadithi ya vijana wa Belfast wanaorap kwa Kiairishi, filamu ya kwanza ya lugha hiyo kuonyeshwa Sundance. Na kwetu, Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto, Kanada, mwaka 2021 na mwaka uliofuata ikachukua tuzo ya Tanit ya Dhahabu kwenye tamasha la Carthage, Tunisia. Lugha ndogo au ya mbali haimfukuzi mtu. Kinachofukuza ni tafsiri mbaya chini ya picha.

Kwenye maandishi yako umetafsiri "pole mama" kwa neno la Kiingereza la kuomba radhi. Mzungu akisoma hapo ataelewa kwamba binti amekosa kitu na anaomba msamaha, na ataingoja siri hiyo ifichuke mpaka mwisho wa filamu. Tafuta mtu aliyekulia Kiswahilini na anayeishi kwa Kiingereza, mkae siku mbili mpitie neno kwa neno. Na "shikamoo" usiitafsiri hata kidogo, iache kama ilivyo. Ikishasikika mara nne, na mara nne mama akaiitikia simu, ukumbi wowote duniani utakuwa umeshaelewa. Sasa fikiria ujumbe wa mwisho wa filamu uanze bila shikamoo. Huhitaji kueleza chochote. Kama hivyo sivyo ulivyoumalizia, una jumbe nyingine za dada yule kwenye simu yako, zisikilize upya.

Nikuambie na hesabu zake, ili usije ukauweka moyo wako wote mahali pamoja. Kwa tamasha la 2024 Sundance walipokea filamu ndefu 4,410, na zilizopata nafasi hazikufika mia. Gawanya mwenyewe. Maombi hufungwa kati ya Agosti na Septemba, ada hupanda kadiri unavyochelewa, majibu hutolewa mwishoni mwa Novemba, na tamasha ni Januari. Kuanzia 2027 linahama Utah na kwenda Boulder, Colorado. Filamu ndefu kwao ni kuanzia dakika 50, kwa hiyo usiogope kupunguza yako: ningeipenda ikiwa na 64 kuliko 71. Wanapokea hata kazi ambayo haijakamilika, ila usitumie ruhusa hiyo kama kisingizio cha kupeleka sauti ya friji.

Wanaotazama mwanzo ni wasaidizi wa wateuzi, kila mmoja na mzigo wake wa filamu, nyumbani kwake, kwenye kompyuta. Mtu huyo umekuta ameshatazama tatu siku hiyo. Wewe umeanza na sekunde 50 za nembo, jina la kampuni yako likizunguka, kisha shukrani kwa wafadhili. Anza na kifundo cha kidole chenye unga. Majina yote yakae mwisho.

Na YouTube, hapana, kwa sasa hapana. Sehemu za mashindano za matamasha makubwa kwa kawaida hutaka filamu ambayo haijaonyeshwa hadharani, na ikiwa mtandaoni imeshaonyeshwa dunia nzima. Hili nalisema kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita niliwasaidia vijana wawili kuhariri filamu yao ya kwanza. Tukiwa tunasubiri majibu ya nje, mimi ndiye niliyewashauri waipeleke kwenye tamasha moja dogo wakati tunangoja. Waandaaji wakaiweka wazi mtandaoni kwa siku mbili, bila kutuuliza. Siku mbili zilitosha watu kuipakua na kuisambaza. Barua kutoka Ulaya ilipokuja iliuliza jambo moja tu: imeshaonyeshwa wapi? Tukasema kweli, na hawakuandika tena. Mmoja wa vijana wale sasa anaendesha bodaboda. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linalonikaa.

Milango mingine ipo, na kwa filamu yako sidhani kama Sundance ndio wa kwanza. Toronto wana sehemu iitwayo Discovery, ya waongozaji wanaoleta kazi yao ya kwanza au ya pili. Huko ndiko ilikoonyeshwa Kati Kati ya Mbithi Masya wa Kenya mwaka 2016, ikapata tuzo ya wahakiki wa filamu wa kimataifa, FIPRESCI. Hiyo nayo ni ya kuangalia kabla hujakata chochote: watu wachache, mahali pamoja porini, na mahali hapo ni baada ya kifo. Cannes ina Wiki ya Wahakiki, tangu 1962, kwa filamu za kwanza na za pili, na pembeni yake sehemu iliyoanzishwa na chama cha waongozaji mwaka 1969, baada ya tamasha la 1968 kuvunjika katikati ya migomo ya Ufaransa. Slamdance ilianzishwa mwaka 1995 na waongozaji waliokataliwa na Sundance. Walikwenda Park City wakati uleule wakafungua tamasha lao.

Lakini mimi ningeanza na Rotterdam, Uholanzi. Wanayo mashindano ya Tiger, yaliyoanza mwaka 1995 kwa ajili ya waongozaji chipukizi, na sehemu ya Bright Future kwa filamu ndefu za kwanza. Ni watu wavumilivu kwa filamu za polepole, na watazamaji wao hukaa. Pia wana mfuko wenye jina la mwanzilishi wao, Hubert Bals, ambao tangu 1988 umesaidia filamu kutoka nchi kama zetu. Rotterdam na Sundance zinakaribiana sana kwa tarehe, kwa hiyo peleka maombi kote kuwili na uchague ukishaitwa. Hapa nyumbani ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, isikupite, ila iwe baada, na iwe kwenye ukumbi, watu wa Pwani wakiwa wamekaa. Nadhani kicheko cha pale mama anapomkopesha mteja mbishi hutakisikia Rotterdam.

Makaratasi niyapitie haraka. Kibali cha Bodi ya Filamu kama hukukichukua, nenda ukaeleze sasa, usingoje kuitwa. Ile taarabu inayosikika kutoka redio ya jirani ina mwenyewe: anza COSOTA, wanaosimamia hakimiliki, na usipopata ruhusa iondoe. Na yule dada wa jumbe za sauti asaini karatasi, popote alipo, yenye kueleza kwamba sauti ni yake na amekubali itumike. Yuko wapi siku hizi, kwani? Hukuniambia alisafiri kwenda wapi, na nimeogopa kidogo kukuuliza.

Nimebakiza la mama, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote.

Aibu yake isikilize, usiibishie. Usimwambie kwamba watu wa nje hawajali, au kwamba umaskini si aibu. Hayo anayajua na hayamsaidii. Ni jiko lake, na ukuta wenye masizi aliufichia wageni kwa pazia miaka yote, leo mwanawe ameufungulia dunia. Ana haki ya kuona kilichomo kabla ya mtu mwingine yeyote. Kuwaonyesha watu wa nyumbani hakuhesabiwi kuwa onyesho la kwanza, kwa hiyo hupotezi kitu. Ukishatoa droni na kinanda, azima projekta kwa mmoja wa wenzako wa harusi, tandika shuka ukutani, mkae naye, na mjomba awepo. Usimwambie aangalie nini. Akifika pale kitumbua kinapoungua, wewe mwangalie yeye, usiangalie ukuta. Akisema lile sufuria la nyuma litoke, au siku fulani alikuwa hajajitanda vizuri, andika, na ukaondoe, hata kama ni picha unayoipenda. Na akisema haitaki kabisa, basi itakaa kwenye kabati mpaka aseme vingine, na mimi sitakushawishi vinginevyo.

Akikubali, niandikie kabla ya mwisho wa Juni. Nitaitazama yote kwa siku moja, na maandishi ya tafsiri tutayapitia pamoja.